Bishara ya Kupona: Nasaha kwa Aliyerudi Nyumbani Kutoka Tiba ya Saratani

Mabasi yatokayo Dar es Salaam na Dodoma kwenda Mwanza, yakisha kuupita mji wa Singida na kabla hayajaanza kuuteremka mlima wa Sekenke kuelekea Shelui, hupita Misigiri, mahali ambapo njia ya Kiomboi huachana na barabara kuu; na kwa kuwa pale ni njia panda, hakuna ateremkaye asionekane, wala habari iteremshwayo pale hailali kabla ya kufika Kiomboi kwa upande mmoja na Shelui kwa upande wa pili. Hapo ndipo alipoteremka mama yangu mdogo jioni moja, akirudi kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road, amejitanda kitenge kichwani, kwapani amebana bahasha ya kaki yenye majibu ya vipimo vyake. Vijana wa bodaboda, waliokuwa wakigombea abiria kwa makelele, walinyamaza walipomtambua. Mmoja akamwamkia, akampokea mzigo, kisha akamwuliza kwa sauti ya chini, "Mama, umepona?" Mama mdogo akasimama, akavuta pumzi, akajibu, "Nimetibiwa, mwanangu. Madaktari wamenipima, hawakuiona tena. Wameniambia nirudi baada ya miezi mitatu." Mwanamke mmoja auzaye vitunguu kando ya barabara, ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama, akainuka, akasogea, akauliza: "Ulianzia wapi?"

Nimelifikiri sana swali lile tangu siku ile, na kwa ajili yake nimeandika nasaha hizi. Maana mtu aliyetoka katika maradhi makubwa hudhani kwamba habari ya kupona kwake ni furaha yake na ya jamaa zake tu, ilhali kila aisikiaye huipokea kama njia aliyoonyeshwa: mwenye uvimbe aliouficha chini ya nguo, mwenye mzazi kitandani, mwenye kuogopa hata kulitaja jina la ugonjwa, wote hutega sikio wajue umepita wapi hata ukafika. Ukiieleza habari yako kwa ukweli na kwa utaratibu, umewaonyesha njia; ukiieleza kwa haraka na kwa kutia chumvi, yamkini umewapoteza. Basi, ndugu msomaji, ikiwa Mungu amekujalia kurudi nyumbani na majibu mema, iwe umeteremka Misigiri au kwingineko, soma haya polepole kabla hujafungua kinywa.

Ujue kwanza ulichoambiwa na tabibu

Hakuna awezaye kutoa habari asiyoifahamu. Wagonjwa wengi hutoka chumbani kwa daktari wameshika neno moja tu, "nzuri", na mengine yote yamepotea katika furaha na machozi. Kwa hiyo, siku ya majibu usiende peke yako. Nenda na mtu mwenye utulivu, aliye na kalamu, na muulize daktari mambo manne. La kwanza, saratani haionekani tena kwa vipimo vipi: kwa kushikwa na kuangaliwa tu, kwa picha, kwa damu, au kwa kinyama kilichotazamwa maabara? La pili, matibabu yamekwisha au yamebaki mengine, kama vidonge vya kumeza kwa miaka? La tatu, nirudi lini? La nne, nikiona dalili gani nisingoje tarehe hiyo? Majibu yaandikwe pale pale, na karatasi ikae pamoja na bahasha ya vipimo.

Yafaa ufahamu pia tofauti iliyopo baina ya maneno mawili ambayo katika mazungumzo yetu huchanganywa. Tabibu asemapo kwamba saratani haionekani, ana maana kwamba kwa vyombo alivyo navyo leo hakuona alama yake yoyote mwilini. Hilo ni jambo kubwa, la kushukuriwa kwa sauti. Asemapo kwamba umepona kabisa, aghalabu husubiri muda upite kwanza, na kwa saratani nyingi muda uhesabiwao ni miaka 5, kwa kuwa ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi katika miaka ya mwanzo. Hata hivyo, zipo saratani, kama baadhi ya zile za matiti, ziwezazo kurudi hata baada ya hapo. Ndiyo sababu ya marudio: kwa saratani ya mlango wa kizazi, aliyougua mama mdogo, mgonjwa huonwa aghalabu kila miezi 3 hadi 6 katika miaka 2 ya kwanza, kisha nafasi huongezeka hadi itimie hiyo miaka 5.

Mimi mwenyewe nilifunzwa tofauti hii kwa kukosea. Siku ya majibu nilikuwa pale Dar es Salaam, na kabla mama mdogo hajamaliza kuifunga bahasha yake nilikuwa nimekwisha kumpigia simu binamu yangu kijijini, nikamwambia, "Amepona kabisa, imekwisha!" Maneno hayo yakatangulia basi. Ilipotimia miezi mitatu, na mama mdogo akafunga safari kurudi kliniki kama alivyoagizwa, majirani walewale waliopiga vigelegele wakaanza kunong'ona kwamba imerudi, kwamba tulikuwa tunaficha, na mtoto wake mmoja akatoka shuleni akilia. Laiti ningalisema tangu mwanzo kwamba haionekani na kwamba atakuwa akirudi kupimwa kwa miaka kadhaa, safari ile ingalikuwa jambo la kawaida kama safari ya mnadani.

Ni nani aambiwe kwanza

Bishara ina daraja zake, na asiyezifuata huumiza bila kukusudia. Wa kwanza ni yule mnayelala naye chini ya dari moja, mume au mke, kwani yeye ndiye aliyekesha. Kisha watoto, na wao waambiwe na wewe mwenyewe, si na jirani wala na simu ya binamu. Binti mkubwa wa mama mdogo, aliyekuwa masomoni mbali, alipata habari ya mama yake kwa mtu asiye wa ukoo kwa sababu ya ile haraka yangu, na alinisamehe, lakini hakunificha kwamba ilimchoma. Mtoto mdogo hahitaji maneno mengi. Mwambie kwamba dawa zimefanya kazi, kwamba mama au baba atakuwa anachoka kwa muda, kwamba atakwenda kupimwa tena na tena, na kwamba wakati wowote akiwa na swali aje aulize. Mtoto aliyeona nywele za mama yake zikianguka amekwisha kujua zaidi ya tunavyodhani, na kimya chetu ndicho kimtishacho.

Baada ya hao waje wazee wa ukoo, ambao kwa heshima yao hawafai kusikia habari ya mtoto wao barabarani. Kisha waliochanga fedha na waliouguza kwa zamu. Kisha mchungaji na jumuiya, au imamu na jamaa wa msikitini. Mwisho majirani na watu wote. Ikiwa una kundi la ukoo la WhatsApp, usiandike neno hapo mpaka hawa wa mwanzo wamekwisha kuisikia sauti yako. Na ikiwa huna nguvu za kuongea na kila mtu, maana koo hukauka na mwili huchoka, mteue msemaji mmoja unayemwamini, mpe maneno yenyewe uliyoyaridhia, naye asiongeze wala asipunguze.

Maneno yenyewe

Wengi hukwama si kwa kukosa furaha, ila kwa kukosa sentensi ya kuanzia. Chukua hizi, uzigeuze upendavyo. Kwa mtu wa karibu: "Mwenzangu, nimepata majibu. Vipimo vimeonyesha kwamba saratani haionekani tena. Matibabu makubwa yamekwisha, na nitarudi kupimwa mwezi fulani." Kwa kundi la watu: "Ndugu zangu, namshukuru Mungu na ninawashukuru nyinyi. Madaktari wamenipima na hawakuona tena ugonjwa. Nitaendelea kwenda kliniki kama nilivyoagizwa, hivyo mkiona nasafiri msishtuke. Kwa sasa napumzika. Anayetaka kuja kunisalimu aje jioni." Ujumbe kama huo una mambo manne yatoshayo: majibu, shukrani, yajayo, na haja yako ya sasa. Yaliyozidi hapo ni hiari yako.

Nasema hiari, kwa sababu sitara ni haki ya mgonjwa hata baada ya kupona. Hulazimiki kumweleza kila mtu kiungo kilichougua, wala upasuaji ulikata wapi, wala kama utazaa tena. Kwa anayedadisi kupita kiasi, neno moja la upole latosha: "Hayo nimeyaacha kwa daktari wangu." Walakini, jina la ugonjwa lenyewe, ukiwa na moyo wa kulitaja, litaje. Kwetu saratani husemwa kwa mafumbo, "ugonjwa ule", "uvimbe", "amelogwa", na kwa kuwa hutajwa kwa jina lake siku ya mazishi tu, watu wameamini kwamba haina mwisho mwingine. Kila aliyesalimika akanyamaza amewaachia makaburi yazungumze peke yake.

Usiifute njia uliyopita

Sasa nafika penye kiini cha nasaha hii, na naomba ustahimili nikieleza kwa mapana. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Aliyepona huonekana anaelea. Kazi yako ni kuwaonyesha watu namna chombo kilivyoundwa. Ueleze ulianza kuona nini mwilini, ulikaa nayo muda gani kabla ya kwenda kupimwa, ulianzia kituo gani, nani alikupa rufaa, ugonjwa ulikutwa umefika hatua gani, ulitibiwa kwa njia zipi, na kwa muda gani.

Mama mdogo, kwa mfano, husimulia hivi. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na ushei, hedhi ilikuwa imekwisha koma, akaanza kuona matone ya damu. Akajiambia ni uzee. Muuguzi mmoja aliyekuja kanisani kutoa elimu ya afya ndiye aliyesema kwamba damu baada ya kukoma hedhi haina uzee wowote ndani yake, na kwamba mwenye nayo aende akaangaliwe. Akaenda Kiomboi, hospitali ya wilaya. Wakamwangalia, wakachukua kinyama, na majibu yalipokuja akapewa rufaa. Akafika Ocean Road, katika taasisi ile iliyoko ufukweni, ambayo majengo yake ya kale yalijengwa na Wajerumani na kutumika kama hospitali tangu mwaka 1897. Na yeye, ambaye maishani mwake alikuwa hajapata kuiona bahari, akaketi kila asubuhi kwenye benchi akisikiliza mawimbi na kungoja zamu yake ya mionzi, siku tano kwa juma kwa majuma zaidi ya matano, pamoja na dripu za dawa, kisha mionzi ya ndani. Alitapika, aliharisha, alikonda. Alitamani kurudi nyumbani katikati ya tiba, na mgonjwa mwenziwe wa kitanda cha jirani, mama wa Lindi, akamshika mkono akamwambia amalize. Simulizi hii, yenye matapishi yake, humfaa mwenye kuugua mara kumi kuliko neno "nimepona", maana atakapoanza kutapika yeye hatadhani kwamba dawa zimemshinda.

Kinyume cha hayo tulikiona mwaka 2011, pale mamia ya magari yalipojipanga kilometa kwa kilometa kwenye njia ya kijiji cha Samunge, Loliondo, kila mtu akitafuta kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Sina haja ya kuwacheka waliokwenda. Walikuwa ni watu wenye maumivu, na wengine walibebwa na watoto wao kwa mapenzi. Lakini tukumbuke kilichowapeleka: zilikuwa ni habari za kupona, zilizosimuliwa na watu waliojiona nafuu kabla hawajapimwa, zikapokewa na wengine, zikakimbia kuliko uchunguzi wowote. Wapo wagonjwa walioondoka kitandani hospitalini kwa ajili ya habari hizo, na kwa saratani, wakati uliopotea haurudishwi. Basi ikiwa ulitumia mitishamba pamoja na mionzi, usimwambie jirani habari ya mitishamba tu kwa sababu ndiyo rahisi kusimulia. Na ikiwa uliombewa, kama ambavyo karibu sote huombewa, mshukuru Mungu kwa dhati, ila usimnyang'anye shukrani yule tabibu ambaye Mungu alimtumia. Sema: "Niliombewa, na nilitibiwa, na sikuacha hata siku moja ya tiba." Muumini wa kweli hapotezi kitu kwa kusema hivyo, na asikiaye atajua kwamba sala na rufaa havigombani.

Wako pia waliotufundisha kwa mfano mwema, wakiwa juu kabisa. Novemba 2014, Rais Jakaya Kikwete, hali yu madarakani, alifanyiwa upasuaji katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani; naye hakuwaachia watu kukisia, aliwaeleza wananchi kwamba ilikuwa saratani ya tezi dume, kwamba iligunduliwa mapema, akawahimiza nao wapime afya zao. Miaka michache kabla yake, nchini Kenya, mawaziri wawili waliokuwa wakishika mambo ya afya walifanya vivyo hivyo: Profesa Anyang' Nyong'o mwaka 2011 kwa habari ya tezi dume, na Beth Mugo mwaka 2012 kwa habari ya titi, wote wawili walitibiwa Marekani, wakarudi kazini. Najua utasema kwamba wakubwa wana ndege na sisi tuna basi. Ni kweli, na si kweli ndogo. Lakini tazama walichokitia ndani ya habari yao: jina la ugonjwa, na wito wa kupima. Hivyo viwili havihitaji nauli ya Baltimore, na mtu wa Misigiri aweza kuvisema vizuri kuliko rais, kwa sababu yeye majirani zake wanaijua nyumba yake na wanajua hana utajiri.

Na ikiwa ugonjwa wako ulikuwa wa mlango wa kizazi, bishara yako haijakamilika mpaka imewafikia wenye mabinti. Saratani hii husababishwa karibu yote na kirusi ambacho kina chanjo. Chanjo hiyo ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni sindano moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Kwa wanawake wazima, muuguzi huupaka mlango wa kizazi asidi hafifu iliyo kama siki, na pale penye mashaka hugeuka peupe mbele ya macho yake. Ni kazi ya dakika chache. Mzazi aliyekataa kipeperushi cha chanjo hataikataa sauti yako.

Kwa waliochanga

Tiba huwa ya mmoja, gharama huwa ya ukoo. Kuna aliyeuza mbuzi, kuna aliyetoa magunia ya alizeti kabla bei haijapanda, kuna wajane wa kikundi waliokusanya elfu mbili mbili. Hao wana haki ya zaidi ya ahsante. Keti na mtunza fedha, andika kilichoingia na kilichotumika: nauli, malazi ya muuguzaji, vipimo, chakula, na kama kimebaki chochote, kitajwe mbele ya watu, na waulizwe kiende wapi, kwani hutakosa mgonjwa mwingine kijijini. Wapo waliopona saratani wakabaki na kidonda cha kusingiziwa kwamba walikula mchango, na hilo huzuilika kwa karatasi moja.

Shukrani ya ibada pia ina kiasi chake. Sadaka ya shukrani kanisani, au kisomo na dua nyumbani, ni desturi njema, na yafaa ifanywe. Ila jihadhari na karamu iletayo deni. Kuku wawili wa kienyeji, ugali, na sufuria la chai kwa waliouguza ni heshima tosha. Fedha iliyobaki iwekwe kwa nauli ya marudio, maana aliyefanya sherehe kubwa akakosa nauli ya kliniki ameisherehekea nusu ya habari akaiacha nusu.

Nyumba isiyopata bishara

Hapa ndipo pagumu kuliko pote. Katika mtaa uleule kutakuwa na nyumba iliyompeleka mgonjwa wake njia ileile, ikarudi na jeneza. Na nyumba nyingine ambayo mgonjwa wake bado yu kitandani na ameambiwa hakuna zaidi. Hao usiwangoje wakusikie kwenye vigelegele. Waendee mwenyewe, mapema, bila kundi la watu. Ukifika, anza na pole yao, na usiwe na haraka. Uliza habari za marehemu au za mgonjwa kwa jina lake. Kisha sema kwa ufupi: "Nimeona niwaambie mimi mwenyewe, kwamba majibu yangu yametoka mema. Nimemkumbuka mama yenu." Halafu nyamaza, na machozi yakija yaache yaje.

Na neno moja uliondoe kabisa kinywani siku hiyo, nalo ni lile tulisemalo bila kufikiri: "Mungu amenipenda." Kwani aliyefiwa atauliza moyoni, je, wangu hakupendwa? Usiseme pia kwamba ulipona kwa sababu hukukata tamaa, au kwa sababu ya imani, kana kwamba aliyekufa alilegea. Watu wenye imani kama milima wamekufa kwa saratani, na waoga wamepona. Yaliyoamua ni mengi: aina ya uvimbe, hatua uliyokutwa nayo, dawa zilizokuwapo, umbali wa hospitali, na mengine tusiyoyajua.

Kwa aliye kitandani na angali ana matibabu, mpe faraja isiyo na ahadi. Usimwambie "utapona kama mimi". Mwambie "nitakwenda nawe siku ya kliniki," ikiwa kweli utakwenda. Ahadi ya kwenda naye waweza kuitimiza, ile nyingine haimo mkononi mwako.

Maswali utakayokutana nayo

Utaulizwa kama mtu aweza kula nawe sahani moja. Jibu bila kukasirika: saratani haiambukizwi kwa chakula, wala kwa kikombe, wala kwa kulala chumba kimoja; na mionzi itolewayo kwa mashine haibaki mwilini kumdhuru mtoto utakayempakata. Utaulizwa ni nani aliyekuloga. Sema kwamba tabibu alikionyesha kitu chenyewe kwenye darubini, na kwamba hukumtafuta wala humtafuti mtu. Jibu hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwani kwetu tuhuma ya uchawi imepata kuvunja nyumba na kuhatarisha vikongwe, na aliyepona ana mamlaka ya kuizima ambayo mwingine hana.

Swali la mwisho halitaulizwa kwa mdomo, litaulizwa kwa jembe. Watu wakisikia umepona watatarajia kukuona shambani mvua za kwanza. Waeleze mapema kwamba uchovu baada ya tiba waweza kudumu miezi mingi, ukamfanya mtu aliyenenepa na mwenye nywele mpya ashindwe kupalilia mistari miwili, na kwamba huo si uvivu. Pangeni nani atalima, nani atachota maji, na wewe ufanye nini kidogo kidogo. Na ikiwa usiku unaamka kwa hofu, au wiki ya kipimo inakuja na huli, mwambie mtu. Hofu hiyo wengi wanayo, na kupona kwa mwili hutangulia kupona kwa moyo.

Kwa anayeipokea bishara

Nawe uliyeletewa habari njema, una adabu yako. Sema hongera, na pole pia, kwa kuwa aliyefika amesafiri mbali. Usiseme "lakini ya fulani ilirudi". Usimpime kwa macho ukatangaza amekonda. Usilichukue jina lake na picha yake ukavipeleka mbele bila ruhusa. Na ukiwa na dalili zako mwenyewe ulizozificha, basi hapo ndipo pa kuuliza, wala usione haya, hata kama mahali penyewe ni kando ya barabara na mzigo bado haujashushwa.

Ndivyo alivyofanya yule muuza vitunguu. Jioni ile mama mdogo, aliyekuwa na safari ya mchana kutwa miguuni, hakumjibu kwa neno moja akapanda bodaboda. Alikaa juu ya gunia la vitunguu, akafungua bahasha, akamwonyesha karatasi ya kwanza kabisa, ile ya Kiomboi, na akamweleza mlango wa kuingilia, siku za kliniki, na kwamba muuguzi ni mwanamke. Mwenziwe akasikiliza akikung'uta maganda ya vitunguu kwenye sketi yake, hakusema ana nini. Juma lililofuata, asubuhi na mapema, nilimsindikiza mama mdogo mpaka njia panda, nikidhani anakwenda dukani. Muuza vitunguu alikuwa amesimama ng'ambo, upande wa magari ya Kiomboi, bila vitunguu, amevaa kitenge cha kutokea. Mama mdogo akavuka barabara, akamshika mkono, wakapanda.